Ulisikia?

Huku kwetu Bugarama, usiku ukisikia mwano huulizi ni wa nani. Mwano ni yowe la hatari. Ukilisikia unatoka nje, nawe unalipiga, ili wa mji wa mbele alisikie naye alipige. Hivyo habari ya mwizi wa ng'ombe huvuka vijiji kabla mwizi mwenyewe hajavuka mbuga. Na yule aliyesikia akabaki kitandani, kesho yake ana kesi mbele ya sungusungu. Haulizwi kama ameiba. Anaulizwa: ulisikia?

Ndugu msomaji, kwa swali hilo hilo nataka tupime jambo la kisasa: mitandao ya vihisi, na ushirikiano wa vyuo vikuu na viwanda katika kuitengeneza. Kihisi ni kidude cha kupima joto, mvua, hewa mbaya au mtikisiko wa mwamba. Kimoja peke yake kinajua pale kilipo tu. Vikiwa vingi na vikaunganishwa, habari ya kila kimoja hupelekwa mpaka imfikie mtu. Si mwano huo, jamani?

Wapo wanaosema profesa akishapokea fedha za kiwanda, amekwisha nunuliwa. Mimi nilikuwa mmojawao. Lakini tazama mradi wa TAHMO, wenye ofisi Nairobi. Maprofesa wawili, Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walitaka viwekwe vituo 20,000 vya hali ya hewa Afrika kusini mwa Sahara. Wazo walikuwa nalo, kiwanda hawana. Vituo vya kawaida vina vikombe vinavyozunguka kupima upepo na kindoo kinachopinduka kupima mvua. Vumbi na wadudu wakiingia, basi tena. Kampuni ya METER Group ya Marekani ikatengeneza kituo kisicho na kipande kinachocheza: matone ya mvua huhesabiwa, upepo hupimwa kwa sauti, umeme ni wa jua, habari hupita mtandao wa simu. Vingi vimewekwa shuleni, wanafunzi wakajifunzia hapo. Chuo peke yake kingeishia kuandika vitabu. Kiwanda peke yake kingewauzia wenye nazo.

Sasa nirudi wilaya yetu hii ya Kahama. Oktoba 2015, huko Nyangalata, duara liliporomoka, wachimbaji wadogo wakafukiwa. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na mende. Mwenzao mmoja alifia humo. Waliokolewa kwa sababu wachimbaji wengine walisikia sauti zao. Siku 41! Na wakati huo migodi mikubwa duniani ilikuwa na vihisi vinavyosikia mwamba ukipasuka. Utaalamu ulikuwepo, ila haukushuka kwa mtu wa sururu.

Naomba nieleweke. Kuwa na masikio tu hakutoshi. Tarehe 25 Januari 2019, huko Brumadinho, Brazil, bwawa la tope la mgodi wa chuma lilipasuka, watu 270 wakafa. Siku chache kabla, vipimo vya baadhi ya vihisi vilikuwa si vya kawaida, na wataalamu waliandikiana barua pepe juu yake. Waliokuwa chini ya bwawa hawakuambiwa. Mwano ulipigwa, ukaishia ofisini.

Hapo ndipo ninapoiona faida ya ushirikiano huu inayozidi fedha. Kiwanda kikisikia peke yake kina sababu ya kunyamaza: kazi isisimame, bei ya hisa isishuke. Chuo hakina dhahabu ya kupoteza. Kikiwa kinasikia pamoja na kiwanda, wanakuwa mashahidi wawili, na mashahidi wawili si rahisi kunyamaza pamoja. Lakini mkataba ukiandikwa kwamba matokeo yote ni siri ya kampuni, chuo kimejiziba mdomo kwa sahihi yake chenyewe. Basi sharti langu ni moja: siri za biashara zibaki siri, ila habari ya hatari isiwe mali ya mtu. Ipitishwe mpaka kwa mama anayelima chini ya bwawa na kijana aliyemo durani.

Profesa atasema alikuwa akitafiti. Meneja atasema alikuwa akizalisha. Sungusungu hawaulizi hayo.

Naomba kutoa hoja.