Maiti Ana Wenyewe, Teja Ana Nani?

Kijana akifariki Bagamoyo, iwe Dunda au Magomeni, watu huuliza atazikwa saa ngapi kabla hawajauliza kafa kwa nini. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, wanaume wanagawana kazi: hawa makaburini, hawa wakanunue sanda. Anayejua kuosha anaitwa, asiyejua anachota maji. Hata yule ambaye wiki iliyopita alimfukuza marehemu barazani kwake akihofia ndoo yake itaibiwa, leo yumo msafarani, anapokea jeneza begani na kusogea hatua chache ili naye apate fungu lake la thawabu.

Wanazuoni huita jambo hilo faradhi kifaya: wajibu uliowekwa juu ya jamii kwa ujumla. Wakitokea wa kutosha wakautekeleza, wengine wamepona. Asipotokea mtu, dhambi ni ya mji mzima. Kuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ndio mfano ambao mtoto wa chuoni huusikia kwanza. Ugumu unaanzia hapo. Kijana huyohuyo alipokuwa hai, akitetemeka kwa arosto, mateso ya mtumiaji wa heroini aliyeikosa, uani kwa mama yake, mlango ulifungwa, na aliyeufunga hakuhisi kwamba ana deni kwa yeyote. Kama mji mzima una wajibu juu ya mwili usio na roho, je, hauna wajibu wowote juu ya mwili huo roho ikiwa bado imo?

Arosto si jambo la kusimuliwa kwa mbali. Huanza kwa miayo na kamasi, saa chache tu baada ya kete ya mwisho. Kisha hufuata jasho la baridi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata na kuhara, na maumivu ya mifupa yanayomfanya mtu ajikunje sakafuni na kukosa pozi la kulalia. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Wengi hurudi maskani katikati ya siku hizo. Raha walishaisahau, wanachotafuta ni kusimamisha mateso. Atakayekaa na mtu kwa siku tatu za namna hiyo anahitaji subira, ndoo, maji ya chumvi na sukari, na mtu wa kumpokea zamu.

Unga, yaani heroini, uliingia pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1980. Ulianza kwa kuvutwa, mara nyingi ukichanganywa na bangi na tumbaku katika sigara moja waliyoiita kokteli. Sindano zilikuja baadaye na kushamiri miaka ya 2000. Katikati ya muongo huo, utafiti uliofanywa Dar es Salaam miongoni mwa watu wanaojidunga uliwakuta zaidi ya 4 kati ya 10 wakiwa na virusi vya UKIMWI. Mzigo hutoka Afghanistan, hupakiwa pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, kisha huteremka kusini kwa majahazi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini huko Dar es Salaam na Iringa. Tani tatu si kazi ya kamati ya mtaa inayoundwa kupambana na unga. Kete moja kwenye mfuko wa sare ya kidato cha pili ndiyo inayoihusu.

Hapa ndipo hujitokeza hoja inayoziua kamati nyingi kabla hazijakaa kikao cha pili: amejitakia. Si hoja ya kijinga. Aristotle aliwahi kuitetea kwa namna yake. Alisema mtu akishalirusha jiwe hawezi kulirudisha, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa mikononi mwake. Akaitaja hata sheria ya zamani ya Kiyunani iliyomwongezea adhabu aliyekosa akiwa amelewa. Karne saba baadaye, Augustino, Mwafrika wa Tagaste katika Algeria ya leo, alijichunguza mwenyewe katika kitabu chake cha Maungamo na kuona jambo jingine: tamaa hutokana na utashi uliopotoka, mtu akiitumikia inageuka mazoea, na mazoea yasipopingwa yanageuka lazima. Augustino hakusema kwamba hana hatia. Alisema kwamba kuanzia hatua fulani, hatia na uwezo wa kuacha haviko tena mahali pamoja. Aliyemwona kijana wa siku ya pili ya arosto ataona kwamba Augustino ndiye aliyekaribia zaidi ukweli.

Hata hivyo, suala la hatia linaweza kuwekwa kando kabisa, na fiqhi ya pwani inatoa njia. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa kuanzia Lamu hadi Kilwa, wanasema hata aliyejiua huoshwa na kuswaliwa. Faradhi ya maziko haimkagui marehemu. Haimuulizi kama alistahili. Basi aliye tayari kumbeba mtu huyo bila kumuuliza alifanya nini hana hoja ya kumuuliza swali hilo angali hai, kwa lengo la kupata sababu ya kutomsaidia. Dhambi ya kijana ni baina yake na Mola wake. Wajibu wa mtaa ni jambo jingine, na unasimama kwa miguu yake.

Faradhi kifaya ina udhaifu wake, na wanazuoni waliujua mapema. Kila mtu anaweza kudhani kwamba mwingine ameshaitekeleza. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana kwenye fiqhi na ubishi wake huku miji yao haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali utabibu nao ni faradhi kifaya. Hakuona ugumu kujua sababu: fiqhi ilikuwa na vyeo na utabibu haukuwa navyo. Angefika pwani hii leo asingekuwa na haja ya kuandika upya. Kila tarehe 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya kupinga dawa za kulevya, wasemaji hawakosekani. Mwenge wa Uhuru hupita kila mwaka, na vita dhidi ya dawa za kulevya haikosi katika ujumbe wake. Fulana zinavaliwa, ngoma zinapigwa. Na Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa, ngoma zake ni nzuri kweli. Kinachokosekana ni mtu wa zamu ya saa nane usiku.

Kikwazo cha pili ni sitara. Dini imehimiza kusitiri aibu ya mwenzio, na malezi ya pwani yameongeza hima. Matokeo yake, mama hujua miaka mitatu kabla ya jirani kujua, huuza pete, huuza sufuria, na bado husema mwanangu ana malaria. Upande wa pili uko mkasa wa Februari 2017, wakati Paul Makonda, akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alipotangaza hadharani orodha ya majina ya watu aliowahusisha na dawa za kulevya, wasanii wakiwemo. Nchi ilipata gumzo la mwezi mzima. Kati ya ukimya wa mama na kipaza sauti cha mkuu wa mkoa kuna nafasi pana, na ndimo kamati ya mtaa inapopaswa kukaa: watu wachache wanaoaminika kiasi cha mama kuweza kuwaambia, na wanaojua pa kumpeleka mtoto bila kutangaza.

Watu wa namna hiyo wapo. Kaskazini zaidi, Malindi na Watamu nchini Kenya, Mradi wa Omari ulianza miaka ya 1990 kuwahudumia watumiaji wa heroini, wakati ambapo mtafiti Susan Beckerleg alichapisha makala, mwaka 1995, juu ya vijana wa Watamu waliokuwa wakichagua kati ya unga na swala ya Ijumaa. Zanzibar, vijana walioacha, Suleiman Mauly akiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi, walifungua soba hausi, ambazo serikali huziita nyumba za upataji nafuu. Bagamoyo nayo inayo, Life and Hope, ambayo nchi nzima iliisikia mwaka 2016 msanii mmoja wa bongo fleva alipopelekwa huko. Nyumba nyingi za aina hii hufuata hatua kumi na mbili zilizotokana na walevi waliokutana Ohio, Marekani, mwaka 1935, katika mazingira ya Kikristo. Hatua hizo zinamtaka mtu akiri kwamba ameshindwa na ajisalimishe kwa Mungu kama anavyomjua. Vijana wa Kiislamu huzisoma, huita jambo hilo toba, kisha huenda kuswali. Wenye shaka na chimbuko lake hawajaleta ratiba mbadala.

Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, inasumbua dhamiri zaidi. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikafika mikoani, Pwani na Tanga zikiwemo. Mgonjwa hufika kila siku, hupewa dawa ya maji katika kikombe, huinywa mbele ya mhudumu, kisha huongea au hunywa maji ili ionekane kwamba amemeza. Kuna wanaoiita unga wa serikali. Hoja yao ni kwamba kilevi kimebadilishwa kwa kilevi. Lakini mgonjwa wa methadoni aliyepata kipimo chake halewi, haibi, hachangii sindano, na anaweza kwenda kuvua. Sheria inayojua dharura haiwezi kushindwa kulitambua hilo. Na Qur'ani yenyewe haikukataza ulevi kwa siku moja: kwanza Sura ya Baqara ilisema madhara yake yanazidi manufaa, kisha ya Nisaa ikakataza kuikaribia swala mtu akiwa amelewa, ndipo ya Maida ikafunga mlango. Mwanachuoni makini atajibu kwamba hatua hizo ziliisha na hukumu imebaki moja, na atakuwa sahihi. Ila atakuwa amekubali kwamba Mwenye hukumu alijua mwili na mazoea vinahitaji muda.

Kuwakinga wasioanza ni kazi tofauti, na inachosha kwa sababu mafanikio yake hayaonekani. Iceland walijaribu kwa dhati. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Wazazi waliwekeana mapatano, watoto walikatazwa kuzurura usiku, na michezo ikapewa fedha za umma. Mzee wa Kaole akisikia atacheka, kwa kuwa zamani mtoto wa Kaole aliyeonekana pwani baada ya Isha alichapwa na mtu mzima wa kwanza aliyekutana naye, na akifika nyumbani akachapwa tena. Tofauti ni kwamba wazazi wa Iceland walikubaliana kwanza. Leo Mapinga na Kerege zimejaa wahamiaji kutoka Dar es Salaam, majirani hawajuani majina, na anayemkanya mtoto wa mwenzie anaweza kujikuta kituo cha polisi. Zaidi ya hayo, kuna kusubiri. Tangu makubaliano ya Machi 2013 kuhusu bandari ya Mbegani, vijana wa huku wamesikia habari za ajira zinazokuja, hadi mradi ulipokwama mwaka 2019. Kamati isiyomwita mwenyekiti wa bodaboda na nahodha wa mashua, ikaishia kwa sheikh, padri na mtendaji wa kata, itakuwa inawazungumzia vijana ambao haiwajui.

Mji huu umewahi kuwarudisha watu waliohesabiwa kuwa si watu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walijenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Sheikh Ramiya aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria na liwali wa mji, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa ameacha zawiya ambamo wazao wa waliokuwa mabwana walikuja kuomba dua. Hilo halikutokea kwa huruma tu. Kulikuwa na chuo, kulikuwa na walimu, kulikuwa na mtu wa kumpokea.

Leo mpokeaji anahitaji fedha, na ndipo swali la fiqhi linapokuwa la nauli. Mgonjwa anayeishi Kiromo au Zinga hulazimika kusafiri kila siku kwenda kunywa dawa. Zaka inaweza kumlipia? Ni maskini, kwa hiyo anaingia katika mafungu manane ya wanaopewa zaka. Lakini Mashafii wanataka fungu limfikie mwenyewe liwe mali yake, na fedha mkononi mwa mtu wa wiki ya pili huishia kwenye kete. Mlango upo: asiyeweza kuisimamia mali yake hupokelewa na walii wake, kwa hiyo walii huyo anaweza kuchukua kwa niaba yake na kumlipa dereva moja kwa moja. Parokia, kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba, haina kikwazo hicho, ila nayo itaulizana nani ashike daftari. Baada ya hapo litabaki la dereva: nani kati ya vijana wa kijiwe atakubali kumpakia teja kila asubuhi, mwaka mzima na pengine zaidi, maana methadoni si dawa ya wiki mbili.