Kocha Haingii Uwanjani



Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga hapa Tindiga, niliumia goti. Mimi ndiye nilikuwa mfungaji wa timu ya vijana wa kigango. Mwenyekiti wetu akaniambia, "Kaka, sasa tufundishie hawa wadogo." Nikakasirika. Niliona nimetupwa. Wiki nne nzima sikukanyaga jumuiya.

Katekista akanifuata nyumbani. Yeye ni Simba damu, basi hakuanza na Biblia, alianza na Abdallah Kibadeni. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na mabao matatu yalikuwa ya Kibadeni. Miaka 16 baadaye, mwaka 1993, akiwa kocha, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan walitoka 0-0 na Stella. Waliporudiana Dar es Salaam, Simba wakalala 2-0.

Katekista akaniuliza, "Mtu aliyewahi kufunga matatu peke yake, unadhani miguu haikumwasha siku ile? Lakini kocha haingii. Anakaa pembeni, anaamini miguu ya wengine."

Usiku ule nilisoma Hesabu 27:12-23. Mungu anamwambia Musa kwamba ile nchi ataiona tu kwa macho, hataingia. Mimi hapo ningenuna. Musa anaomba nini? Anaomba apatikane kiongozi mwingine, ili watu wasibaki bila wa kuwachunga. Kisha anamwekea Yoshua mikono mbele ya wote. Hakumficha kitu, wala hakusubiri ashindwe ndipo yeye aonekane wa maana.

Nikaona aibu. Kumbe mimi nilipenda mabao yangu kuliko timu.

Jumamosi nilirudi nikichechemea. Mechi ya kwanza watoto wangu walifungwa 3-1. Dogo mmoja akaja kulia begani kwangu, na hapo ndipo nikaielewa kazi niliyopewa.

Kijana mwenzangu, labda wewe umetolewa kwenye uongozi, au sauti imekauka na kwaya inaimba bila wewe. Usinune. Angalia pembeni yako: ni Yoshua gani anasubiri mikono yako?

Ee Yesu, unifundishe kufurahi mwenzangu anapofunga. Amina.