Kuliko Sentensi Moja

Tumefundishwa kuwa haya ni pambo la muungwana, nami sina ugomvi na mafundisho hayo. Ninachouliza ni kama haya inaweza kumdhulumu mtu.

Chukua damu kwenye shahawa. Kwa mwanamume aliye chini ya miaka 40, mara nyingi ni jambo dogo linaloondoka lenyewe. Ikirudi-rudi, daktari huchunguza, na mojawapo ya vipimo ni ultrasaundi ya kupitia njia ya haja kubwa: kifaa chembamba huingizwa, na mawimbi ya sauti huchora tezi dume na vifuko vya shahawa vilivyo nyuma ya kibofu. Kipimo hicho hakina mionzi. Staha nayo hakina.

Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam alikifanya kabla hajamwambia mkewe neno. "Nikiwa na picha," aliniambia, "sitahitaji kujieleza." Alikuwa radhi kifaa kiingie mwilini mwake kuliko sentensi moja imtoke mdomoni. Na miezi miwili hiyo mkewe alikuwa akifua mashuka, akijiuliza kama damu ile ni yake. Sioni staha hapo. Kimya kilikuwa cha mume, hofu akaibeba mke.

Tena picha si shahidi wa kutegemewa kiasi hicho. Inaweza kuonyesha vijiwe au kifuko cha maji, vitu ambavyo hata wanaume wazima wa afya huwa navyo. Isipoonyesha kitu, ni habari njema isiyomridhisha mgonjwa. Maswali ndiyo hufungua njia: umewahi kuugua kifua kikuu? Una mpenzi mwingine? Utotoni uliogelea wapi? Minyoo ya kichocho cha mkojo, ugonjwa unaojulikana sana Unguja na Pemba, huweza kuacha mayai hata kwenye vifuko vya shahawa, na hadubini ya kawaida huweza kuyaona. (Kuna sehemu ambako mvulana kukojoa damu kulihesabiwa kuwa dalili ya kubalehe. Damu ya kiume hupewa heshima upesi, mradi isiulizwe imetoka wapi.)

Rafiki yangu alikulia Pemba, karibu na kijito. Kwenye chumba cha kipimo hakulitaja hilo. Aliyekumbuka kichocho ni mkewe, mzaliwa wa kijiji hichohicho, jioni ile karatasi ya majibu ilipowekwa mezani ikisema hakuna kilichoonekana.