Kabla Hujaacha Kazi, Uliza Nani Alilipa Kodi

Wanangu, kila baada ya muda hunijia kijana mwenye mswada kwapani na habari ileile: anaacha kazi ili awe mwandishi. Hoja yake huwa ameitoa katika wasifu wa mtu maarufu, na mara nyingi mtu huyo ni Gabriel García Márquez. Aliacha kila kitu, akajifungia chumbani, akatoka na *Miaka Mia ya Upweke*. Basi na yeye anataka kujifungia.

Ni kweli alijifungia. Ilikuwa Mexico City, kati ya 1965 na 1966, takriban miezi 18. Lakini wasifu wa namna hiyo usomwe pamoja na daftari la madeni. Kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa, nyama ilichukuliwa kwa mkopo, gari lilikuwa rehani. Aliyekabiliana na wadai hao hakuwa Gabriel. Alikuwa mkewe, Mercedes Barcha, huku akilea watoto wawili wadogo wa kiume. Mswada ulipokwisha walikwenda pamoja posta kuutuma kwa mchapishaji Buenos Aires. Ukawekwa kwenye mizani, pesa zikapunguka. Wakaugawa, wakatuma nusu, wakarudi nyumbani kutazama nini kimebaki cha kuwekwa rehani. Ikaenda hita, ikaenda na mashine ya kukaushia nywele, ndipo nusu ya pili ikasafiri. Mwenyewe alisimulia kwamba walipotoka posta Mercedes alisema lililobaki sasa ni riwaya yenyewe iwe mbovu. Katika habari zote za mtu yule, mimi hapo ndipo husimama nikasoma mara mbili.

Tena Gabriel alikuwa anakaribia miaka 40, keshachapisha vitabu vinne na keshafanya kazi ya uandishi wa habari tangu 1948. Hakuwa anabahatisha. Ukitaka kupita njia yake, kwanza kaa na Mercedes wako, kama unaye, umuulize yuko tayari kwenda kwa mwenye nyumba mara ngapi. Usiamue peke yako, halafu akinuna ukasema hakuelewi.

Na kwa nini tuende mbali? Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 akaingia forodhani kuwa karani, akakaa huko mpaka 1944. Akahamia idara ya wanyamapori, na baadaye ofisi nyingine za serikali. Kusadikika ilipotoka 1951, mtunzi wake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, naye ameandika hadithi ya nchi inayowafunga watu wake wanaoleta habari njema. Mchana yumo katika ofisi za wakubwa, jioni anawapima kwa kalamu. Ofisi ilimlisha, na nadhani ilimfundisha pia jinsi mkubwa anavyokataa kusikia. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa 1968. Yeye alikuwa amefariki 1962. Nyumba inayongoja malipo ya vitabu kama hivyo ingelala njaa miaka sita, na bado mwenyewe asiwepo kuyapokea.

Franz Kafka alifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi huko Prague tangu 1908 hadi 1922, maradhi ya kifua yalipomtoa. Aliilalamikia ofisi ile sana, nami simlaumu. Lakini usiku wa tarehe 22 Septemba 1912 aliketi mezani saa nne, akainuka saa kumi na mbili asubuhi na hadithi nzima mkononi. Siku zile za malalamiko zilikuwa na usiku wake.

Chinua Achebe naye alikuwa mtu wa redio Lagos. Nakala pekee ya riwaya tunayoijua kwa jina la Shujaa Okonkwo, aliyoiandika kwa mkono, aliituma kwa ofisi moja London ikapigwe chapa, na malipo juu. Miezi ikapita, kimya. Aliyeiokoa ni mkubwa wake kazini, Angela Beattie, aliyekwenda likizo Uingereza akaingia katika ofisi ile kuulizia. Kitabu kikatoka 1958. Kwa hiyo kazi ilimpa Achebe mshahara, na ikampa pia mtu wa kumgongea mlango London. (Nanyi mnaoweka mswada mzima ndani ya simu moja, mmesikia?)

Wapo wengine wanaoacha kazi na kushika chupa, maana wamesikia F. Scott Fitzgerald alikuwa mlevi. Alikuwa. Mwaka 1935 alimwandikia mhariri wake, Maxwell Perkins, kukiri kwamba kupanga kitabu kirefu na kukisahihisha havipatani na pombe. Mnaiga ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe aliulalamikia. Alifariki 1940, ana miaka 44, riwaya yake ya mwisho haijakwisha, na nakala za The Great Gatsby bado zimelala ghalani kwa mchapishaji.

Nikifika hapa huletewa Ngũgĩ wa Thiong'o, kwamba alitunga riwaya juu ya karatasi ya choo gerezani Kamiti, basi dhiki huzaa kazi. Someni vizuri. Ngũgĩ alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipokamatwa mwisho wa 1977, na alipoachiwa mwaka mmoja baadaye hakurudishiwa nafasi yake. Kazi hakuiacha, alinyang'anywa. Karatasi ile aliitumia kwa sababu hakuwa na nyingine. Wewe unayo daftari, una meza, una mshahara mwisho wa mwezi, na saa kumi alfajiri hakuna bosi anayekutafuta. Mswada ukikamilika niletee, nitausoma. Barua ya kuacha kazi usije kunisomea.