Kumficha Dhalimu Si Sitara

Ndugu zangu Waislamu,

Binti yetu akipelekwa Thika au Ruiru kutumika nyumbani mwa watu, kisha akavunjiwa heshima, jamaa zake huku Pwani husema, "Tumsitiri." Lakini anayesitirika hapo ni nani, kama si dhalimu?

Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanawake 32 katika kila 100 wa Kenya, wenye miaka 18 hadi 24, walikuwa wamedhulumiwa kwa zinaa kabla ya kutimia miaka 18.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tumnusuru mdhulumiwa, na dhalimu tumzuie mkono. Basi mtoto akisema, mwaminini. Mpelekeni hospitali kabla ya saa 72 kupita. Pigeni simu 116, haina malipo.

Wabillahi tawfiq.