Chapa ya Shoka na Neno la Mtu

Shoka la zamani halitupwi upesi. Mpini ukivunjika hutiwa mwingine, na chuma kile kile humfikia mjukuu. Ukilisugua kutu kwa brashi (si kwa tupa, maana tupa hula maandishi), kisha ukapaka chaki ubavuni karibu na tundu la mpini, huenda ukaona chapa iliyopigwa kiwandani: jina, picha, au mji. Chapa hiyo ni neno la mtu asiyekuwapo. Basi tuulize: neno hilo lina haki gani juu yetu?

Hapo kale Warongo, wahunzi wa Buzinza na Geita, waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, nayo yakaletwa Usukuma kwa biashara, hata yakatolewa kuwa mahari. Aliyenunua kwa mhunzi mwenyewe aliujua uso wake. Jembe likivunjika, alijua pa kwenda kulalamika. Lakini chuma kilipotoka ng'ambo, uso haukuonekana tena, na chapa ikashika mahali pake.

Ndipo wezi wa majina walipopata nafasi. Huko Marekani kiwanda cha Collins, kilichoanza mwaka 1826, kilifua mashoka yaliyosifiwa sana, hata wengine wakaliiga jina lake. Wenye kiwanda wakapiga chapa ya mkono ulioshika nyundo, ukitokea katika taji, pamoja na neno la Kilatini LEGITIMUS, maana yake "halali". Uingereza nako wafua visu wa Sheffield walilalamika kwamba vyuma vya Ujerumani viliuzwa kwa jina la mji wao. Ikatoka sheria ya mwaka 1887 kuukataza udanganyifu huo. Tanzania nayo ina sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963.

Lakini mtu atasema, "Chema chajiuza. Shoka likikata vizuri, chapa ya uongo yamdhuru nani?" Hoja hii tusiidharau, maana mti hausomi chapa, huangushwa na makali.

Hata hivyo, mwanakijiji wa Mwamapalala aendaye mnadani aona umbo tu; ugumu wa chuma umefichika ndani, nao hujulikana baada ya miaka. Kwa hiyo hununua neno pamoja na chuma. Neno likiwa la uongo amepunjwa, ijapokuwa chuma ni kizuri, kwa kuwa amepata chema kwa bahati tu. Wa pili aliyedhulumiwa ni yule aliyelifua shoka hilo jema: kazi ni yake, sifa ni ya mwingine. Wa tatu ni kila muuzaji mwaminifu, maana chapa moja ikisema uongo, zote hutiliwa shaka.

Je, shoka ambalo chapa yake imefutika lina lawama? La, kunyamaza kwa chuma si uongo. Hatari ipo kinywani mwa mwenye kuliuza, kwani jina la mji mashuhuri huongeza bei, wala hakuna awezaye kumkanusha. Hapo ndipo uaminifu hupimwa, mahali pasipo shahidi. Na aseme, "Sijui lilikotoka, tazama makali yake mwenyewe," akubali bei ipunguayo. Mnunuzi atakwenda zake na shoka, naye atajua kwamba neno la mtu huyu laweza kutegemewa siku nyingine.