Kukubali Kushindwa Kabla ya Hesabu Kukamilika

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii imesemwa mara nyingi mno katika nchi yetu, viwanjani na majukwaani, hata imekuwa kama salamu: huitikiwa kabla haijasikilizwa. Sisi twaiheshimu. Hata hivyo, kwa ufupi wake, imeacha jambo moja bila kulitamka: mshindani akubali saa ngapi? Katika mpira swali hili halipo, maana kipenga cha mwisho kikilia, mchezo umekwisha. Katika bao lipo kidogo. Mchezaji mzoefu huona mapema kwamba upande wake umekauka, naye huacha kucheza bila kungoja kete ya mwisho iliwe, na watazamaji humsifu kwa uungwana wake. Lakini kete zile zilikuwa zake. Mgombea wa uchaguzi anacheza kwa kete za watu wengine, na hapo ndipo uzito wa swali letu ulipo.

Tutazame nchi yetu ya Ufipa. Jimbo la Kwela lina vijiji vya uwanda wa juu, kama Laela, na vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, kama Muze na Mtowisa, vilivyo chini ya milima ya Lyambalyamfipa. Wilaya ya Nkasi nayo ina Namanyere juu, na Kirando na Wampembe kando ya Ziwa Tanganyika. Kura zikihesabiwa vituoni, si rahisi matokeo ya nchi ya namna hii yafike pamoja; ya karibu hutangulia, ya bondeni na ya ziwani yakafuata. Basi mgombea aliyezidiwa kidogo akisimama usiku ule ule na kutamka kwamba amekubali, huenda akapigiwa makofi. Lakini mvuvi wa Wampembe, aliyesimama katika mstari tangu alfajiri, atakuwa ameambiwa, pasipo mtu kumtamkia, kwamba jambo lilikwisha kabla sauti yake haijapanda mlima.

Yupo atakayesema kwamba kura zilizobaki ni chache. Huyo na aikumbuke Chake Chake. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, chama cha ASP kilipata kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu. Kwa kiti hicho ASP ilikuwa na viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3; baraza likagawanyika nusu kwa nusu, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, katika ghasia zilizoua watu 68. Au aitazame Somaliland, iliyojitangazia kujitenga na Somalia mwaka 1991. Katika uchaguzi wake wa rais wa tarehe 14 Aprili 2003, tume ilitangaza kwamba Dahir Riyale Kahin amemshinda Ahmed Silanyo kwa kura 80. Themanini! Ni wanakijiji wangapi hao? Hawajazi hata ua wa shule ya msingi.

Hata hivyo, haki haiko upande mmoja. Kungojea nako kuna hatari yake, na jirani zetu wa Zambia waliionja. Mnamo Septemba 2011 matokeo yalipokawia, vijana wa Kitwe na Ndola waliingia mitaani kwa ghasia. Usiku wa kuamkia tarehe 23 tume ilimtangaza Michael Sata kuwa mshindi kabla hesabu ya majimbo yote haijakamilika, kwa kuwa kura zilizosalia zisingeweza kuyageuza matokeo. Rais Rupiah Banda hakudai kwamba yangojewe majimbo ya mwisho. Siku hiyo hiyo alilihutubia taifa akakubali, na nchi ikatulia. Sisi twaona kwamba alitenda sawa. Tofauti ilikuwa imezidi shaka, na kila saa ya ukimya wake ingeweza kuwa na gharama kwa watu wasio na hatia.

Basi mpaka uko wapi? Twadhani uko katika kupambanua kilicho mali ya mgombea na kisicho chake. Madai yake ni yake, hasira yake ni yake, haki yake ya kulalamika ni yake. Hivyo aweza kuviweka chini saa yoyote apendayo, na akivitua mapema kwa ajili ya amani, tumshukuru. Hesabu si yake. Hana mamlaka ya kuisamehe, kama vile mjomba asivyoweza kusamehe deni analodaiwa mtu kwa mpwa wake. Mwenye kusema, “Mimi nimekubali, lakini hesabuni hadi kura ya mwisho,” ametoa kilicho chake peke yake. Mwenye kusema, “Nimekubali, fungeni daftari,” ametoa na cha mvuvi wa Wampembe. Sisi tuliozoea mizani za mashairi twajua kwamba ubeti haukamiliki kwa sababu mtunzi amechoka.

Al Gore wa Marekani alijifunza jambo hili usiku wa uchaguzi wa mwaka 2000. Alimpigia simu George W. Bush akampongeza, kisha, akiwa njiani kwenda kuwahutubia wafuasi wake, akaambiwa kwamba tofauti katika jimbo la Florida inayeyuka. Akapiga tena na kulirudisha neno lake. Mwishowe Florida iliamuliwa kwa kura 537, na Mahakama Kuu ya nchi ile ikasimamisha kuhesabu upya tarehe 12 Desemba. Siku iliyofuata Gore alikubali mara ya pili, akisema wazi kwamba hakuafikiana na uamuzi ule. Kukubali kwake kwa kwanza kulikuwa kwa haraka. Kwa pili kulimgharimu zaidi, nasi twakuheshimu zaidi.

Kuna upande mwingine ambao walimu wetu wa uraia aghalabu huupita mbio. Twamhimiza aliyeshindwa awe na moyo mkubwa, wala hatuulizi amewekewa kigoda gani. Simulizi za Wafipa, alizozichunguza mtaalamu Roy Willis katika miaka ya 1960, zaeleza kwamba mtawala wa kale wa Milansi alikuwa mawindoni walipofika wanawake wageni, wakakalia kigoda chake. Aliporudi hakumwaga damu. Wageni, ambao ukoo wao wa Watwa ulitawala Nkansi na Lyangalile, walichukua utawala wa nchi. Mwenye Milansi akabaki na Milansi yake pamoja na heshima ya ukubwa wa asili katika mambo ya tambiko. Hatuisomi habari hii kama kumbukumbu ya tukio la siku moja. Twaisoma kama fikra ya watu waliolitafakari jambo: mzee yule aliuachia utawala, lakini tambiko la wahenga halikuwa lake kuligawa, na hakuna aliyelidai.

Zanzibar ilichukua miaka mingi kuifikia fikra hiyo. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, na upande wa pili ukakataa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 ukaja Januari 2001, na watu wakauawa. Ndipo yakafuata Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Amani Karume na Seif, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyoidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba mwaka huo Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Seif 176,338. Tofauti ni kura 3,471. Seif alikubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Moyo wake tunausifu. Lakini kigoda kilikuwa kimechongwa kabla ya kura kupigwa.

Wala asiyekubali papo hapo asiitwe mkosa adabu. Silanyo alikwenda mahakamani kwa zile kura 80, akashindwa, akanyamaza. Mwaka 2010 akashinda urais. Hapa Sumbawanga Mjini, matokeo ya ubunge ya mwaka 2010 yalifikishwa Mahakama Kuu, nayo ikayatengua mwaka 2012, kisha shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani. Soko lilifunguliwa kila asubuhi, na watoto walikwenda shule.

Kinachotutia hofu zaidi ni hesabu isiyofika mwisho. Oktoba 2015 Seif alitangaza ushindi kwa hesabu za upande wake kabla Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar haijamaliza kazi, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume akaufuta uchaguzi wote. Ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, chama cha CUF kikiwa nje. Mtu yule yule aliyekuwa amekubali kwa upungufu wa kura 3,471, safari hii hakuwekewa mezani hesabu yoyote ya kuikubali au kuikataa.